Nilivyokwenda Kumtoa Baba

Kila nikikaa chini naulizwa. Ofisini mwa walimu naulizwa, kwenye kituo cha kupimia majani chai naulizwa, na juzi hata daktari wa meno aliniuliza nikiwa nimepanua kinywa, sasa nimjibu na nini? Basi nimeamua kuandika mara moja. Msome, mpitishiane, kisha mniache nipumzike. Habari za tikiti, mihuri na foleni nimeziacha. Aliyewahi kupanga foleni anazijua. Mji wenyewe sitautaja jina, wala nchi yake. Nitauita Mji. Majina ya watu wa huko nimeyabadilisha, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Magwagwa mpaka Nyamira

Mama yangu, Bosibori, ni mkunga. Alikwenda kufanya kazi katika hospitali ndogo ya Mji miaka kumi na tisa iliyopita, muda mfupi baada ya sisi kumzika marehemu mumewe. Alisema anakwenda miaka miwili. Akazalisha watoto wa huko mpaka wale aliowazalisha wakaanza kuja kujifungua kwake, na kila Desemba akawa anatuambia atarudi Desemba inayofuata.

Kisha vita vikaanza, wao kwa wao. Waasi wakauzunguka Mji pande zote. Ndani wakabaki wanajeshi wa serikali pamoja na raia. Miezi mitano hatukusikia sauti ya mama. Tukaja kuarifiwa kwamba serikali ya huko na waasi wamekubaliana jambo moja tu: wageni wazee watatolewa kwa siku moja, kupitia lango moja, na kila mgeni atambuliwe langoni na mtu wa damu yake. Asiyekuwa na wa kumtambua atarudishwa ndani. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee aliye hai. Kwa hiyo ilikuwa mimi au asitoke.

Kabla sijaendelea, wasomaji wa mbali wanijue vizuri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, miaka ishirini na miwili sasa. Nyumbani tunaongea Ekegusii, na kwa Ekegusii mama anaitwa "baba". Ndiyo, mmesoma sawa. Mama ni baba, na baba ni tata. Mwaka jana tuliletewa mwalimu mpya kutoka Kilifi, Mwalimu Charo, na siku yake ya tatu alisahihisha insha iliyosema, "Juzi baba alijifungua mtoto wa kiume, sote tukafurahi." Charo alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Kwa wiki nzima tukipishana ananiuliza, "Mwalimu Kerubo, baba amejifungua salama?" Mimi nikamjibu kwa ukali kwamba watoto hukosea lakini mwalimu aliyefunzwa hakosei kitu kama hicho. Maneno hayo yashikeni.

Siku ya kuondoka, mdogo wa marehemu tata yangu, Tata Mokua, alikuja na mfuko wa unga wa wimbi na chinsaga iliyokaushwa, ile mboga chungu ambayo mama hupenda kuliko nyama. Tata Mokua ni mzee wa kanisa, na akiongea haongezi kitu.

"Kerubo," aliniambia, "usituletee habari. Tuletee mtu."

Nyamira nilikuta akina mama wa kanisa wamekuja kuniombea. Wakaniombea kweli kweli. Yule aliyeongoza alianzia Misri, na gari la Kisii likajaa na kuondoka wana wa Israeli wakiwa bado hawajavuka bahari. Nilifumbua jicho moja nikaliona likienda. Nilikasirika, nasema wazi, halafu nikaona aibu kukasirikia watu wanaonililia. Tukala ndizi za kuchemsha tukisubiri gari jingine.

Kisii

Kuchelewa huko kulinifikisha Kisii saa ya mvua, nikajikinga dukani kwa Bwana Harish, anakouza vitambaa kama babu yake alivyouza. Ekegusii chake kinawashinda watoto wetu wa mjini.

"Bwakire, baba," alinisalimu, kama anavyowasalimu wanawake wote wa umri wangu.

Nilimwambia nataka mtandio mkubwa wa kufunika kichwa, na nikamweleza ninakokwenda. Akaacha kukata kitambaa. Alinisimulia jinsi ukoo wake ulivyofukuzwa nchi jirani yeye akiwa bado hajazaliwa, na jinsi nyanya yake alivyoulizwa mpakani swali moja akatoa majibu kumi. Waliwekwa pale siku nne.

"Mbele ya mwenye bunduki, swali moja, jibu moja," alisema. "Walimu mnapenda kueleza. Usieleze."

Nikacheka. Nikamwambia nimesimama mbele ya wazazi wenye hasira maisha yangu yote, askari ni nani? Alinifungia mtandio, akaongeza pipi za iliki, akakataa kucheka nami. Usiku ule ule nilikuwa Nairobi, na kesho yake angani.

Mji mkuu wao

Mji mkuu wa nchi ile ulikuwa mbali na mapigano. Nilitarajia kukaa siku mbili, nilikaa tisa. Kila asubuhi nilikwenda katika ofisi moja yenye feni isiyozunguka, naambiwa kesho.

Chakula chao kizuri: maharagwe yaliyopondwa na kumiminiwa mafuta ya ufuta, asubuhi na jioni. Siku ya sita niliyachoka nikaomba jikoni pale nilipolala nisonge ugali wangu. Nilipotoka kuoga nilimkuta mke wa mpishi amekaa na wenzake wawili, wameuloweka unga wangu wa wimbi na wanajipaka miguuni. Walidhani ni hina! Tulicheka wote wanne mpaka machozi, ingawa hakuna aliyeelewa neno la mwenzake. Mmoja alinionyesha mguu wake akisikitika kwamba rangi haishiki.

Ofisini mkubwa alikuwa mtu waliyemwita Meja, mnene, mpole wa sauti, anayependa kukuonyesha kwamba amejua kabla hujasema. Mkalimani wake alikuwa Yasin, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea umeme Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, na alilijua hilo.

"Mwalimu, lafudhi yako yanifurahisha," alinitania siku ya kwanza. "Ni kama mtu atwanga."

"Na yako kama mtu anayebembeleza mtoto," nikamjibu. Tukawa marafiki hapo hapo.

Meja alinieleza siasa yao bila kuulizwa. Mji mzima, alisema, uko na serikali. Kila Alhamisi raia hukusanyika uwanjani kuimba na kupiga makofi, hakuna anayelazimishwa. Nikauliza, kama wanawapenda hivyo, kwa nini msiwafungulie lango watoke wasife njaa? Yasin alinitazama kidogo kabla ya kutafsiri. Meja akatabasamu.

"Wakitoka," alisema, "nani atatuletea unga?"

Nilidhani Yasin amekosea kutafsiri. Baadaye njiani alinihakikishia kwamba hakukosea. Mji wenye raia wenye njaa hupelekewa misaada, na waasi huruhusu malori ya misaada kupita. Mji wa wanajeshi watupu haupelekewi hata kibiriti. Kwa hiyo raia walikuwa ndio ukuta wa Mji, na pia ndio mlango wa chakula cha jeshi. Meja aliyasema hayo akikoroga chai, kama mtu anayekueleza ratiba ya mabasi.

Siku ya nane nikaruhusiwa kuongea na mama kwa simu, dakika tatu, ili wahakikishe ni yeye. Sharti lilikuwa tuongee Kiswahili tupu, Yasin asikilize. Lugha nyingine marufuku.

Simu ikalia mbali sana. Halafu nikasikia, "Haloo?" na ilikuwa sauti yake, imechoka, lakini yake. Ndugu zangu, miaka ishirini na miwili ya ualimu ikayeyuka pale pale. Nikapiga kelele:

"Baba! Baba, ni mimi! Baba, uko salama? Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu," akasema. Simu ikakatika.

Nilikuwa bado nalia kwa furaha Meja alipomuuliza Yasin kitu. Yasin akajibu, na uso wa Meja ukabadilika.

"Anauliza," Yasin akaniambia polepole, "umekuja kumchukua mama. Aliyeshika simu ni mwanamke. Sasa huyo baba uliyekuwa ukimwita ni nani, na kwa nini mama yako asema yuko peke yake?"

Hapo ningesema neno moja. Nikaeleza. Nikaeleza Ekegusii, nikaeleza tata, nikaeleza insha ya yule mtoto na Mwalimu Charo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Meja alivyozidi kutabasamu.

"Hakuna lugha duniani inayomwita mama baba," alisema. "Kuna mwanamume amefichwa katika nyumba ile." Akaandika kitu kwenye karatasi, akampa askari aliyekuwa mlangoni, na askari akaondoka nayo mbio kwenda chumba cha redio.

Nilimwona Bwana Harish mbele ya macho yangu. Nilijilaani kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Siku mbili juu ya vitunguu

Tuliondoka kesho yake kwa lori la vitunguu, mimi, Yasin na dereva, Meja akitangulia kwa gari lake. Njia yote sikuweza kula. Nilijua nyumba ya mama imepekuliwa na sikujua kilichofuata. Kama wamemdhania anaficha adui, langoni hatafika.

Mchana wa siku ya pili tulizuiliwa saa tano nzima kwenye kisima cha njiani, tukingoja ruhusa ya kuendelea. Palikuwa na mwanamke anauza chai ya tangawizi. Yasin alinong'ona kwamba mtoto wake mmoja yuko katika jeshi na mwingine yuko na waasi. Mimi na mdomo wangu nikataka aulizwe anaunga mkono upande upi. Yasin alikataa mara mbili, nikasisitiza.

Mama yule hakukasirika. Alionyesha kisima kwa mkono wenye kijiko. "Anayenifungulia maji," alisema, "namwombea dua. Akija mwingine akafungua, nitamwombea huyo. Wanangu nawaombea wote wawili, na hiyo siyo siasa."

Halafu akanirudishia swali: mimi niko upande gani? Nikasema niko upande wa mama yangu. Akanijazia kikombe tena.

Tukiwa tumekaa kivulini mwa lori, Yasin aliniuliza kama ile habari ya baba ni kweli. Nilifungua simu nikamwonyesha picha ya ile insha, maana niliipiga ili nimrushie dada mmoja wa kanisani. Aliisoma, akaanza kutikisika mabega, akacheka hadi akalala chali mchangani. "Baba alijifungua!" Kisha akainuka, akanirudishia simu.

"Basi uliyasema kweli tupu," alisema, "na kweli yako ndiyo iliyopeleka askari kwa mama yako."

Nikamuuliza yeye ana nani. Alisema ana mama, mjane, naye yumo Mjini, mtaa wa pili kutoka hospitali. Nikamuuliza kwa furaha ya kijinga, si utamtoa kesho kwa vile unafanya kazi na wakubwa? Akaanza kuchora mchangani kwa kijiti.

"Mama zetu hawatoki, Mwalimu," alisema. "Sisi tunaofanya kazi serikalini, mama zetu ndio wa mwisho."

Sikuelewa. Nilidhani ni heshima, kama nahodha anayeshuka wa mwisho.

Langoni

Lango lenyewe lilikuwa vyuma vya reli vilivyosimamishwa katikati ya barabara, na mahema mawili. Wageni wazee kumi na mmoja walitoka mmoja mmoja, wengine wakishikiliwa. Mama alikuwa wa tisa. Amekonda, nywele zote nyeupe, na begi lake la ukunga begani. Kando yake alitembea mzee mrefu mwenye fimbo, ambaye sijapata kumwona maishani mwangu.

Nilitaka kukimbia. Yasin akanishika mkono.

Meja alikuwa na furaha kubwa. Alimwita mtu mwenye kinasa sauti cha redio asogee na mwingine mwenye simu ya kupigia video, kisha akaongea kwa muda, akiniangalia kama mwanafunzi aliyeshikwa na majibu mfukoni.

Yasin akatafsiri: "Anasema ulimdanganya ofisini kwamba baba ni mama. Askari walikwenda, wakamkuta mwanamume huyu chini ya kitanda. Mama yako amekiri kwamba huyu ni mumewe, baba yako, alimficha kwa woga. Meja asema yeye alijua tangu mwanzo. Mume wa mgeni aweza kutoka na mgeni. Lakini asiyekuwa na jamaa…" Yasin alitupa jicho upande wa lango. "Sasa auliza. Huyu ni baba yako?"

Nilimtazama mama. Mama alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo, wageni wakiwa mezani na mimi nikitaka kusema kitu. Mzee yule alikuwa ameinamisha kichwa.

Jamani, mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Sijawahi kumdanganya hata mkaguzi wa shule. Na tata yangu amelala Magwagwa, chini ya migomba, nilimwagia udongo kwa mkono huu. Nikajua pia kwamba nikisema hapana, mzee huyu atarudi ndani na mama atarudi naye kama mwongo aliyeficha adui.

Swali moja, jibu moja. Nilinyoosha kidole kwao wawili, macho yangu yakiwa kwa mama peke yake.

"Ndiyo, afande. Huyu ndiye baba."

Yasin aligeuka akatafsiri. Tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko maneno yangu, ndefu sana, nikaona jasho likimtoka nyuma ya masikio. Meja alicheka kwa sauti, akanipiga begani, akasema kitu ambacho hata bila mkalimani nilikielewa: Nilikuambia! Kinasa sauti kikaletwa mdomoni nimshukuru nani na nani. Nilisema namshukuru Mungu, na nikarudia hivyo hivyo mara tatu mpaka wakachoka.

Mama aliponikumbatia aliniambia sikioni kwa Ekegusii nifunge mdomo mpaka tuvuke uwanja wa ndege. Nilimtii kwa mara ya kwanza maishani. Yasin aliachwa langoni. Niligeuka nimpungie mkono, naye alikuwa anatazama ndani, upande wa nyumba za Mji.

Kurudi

Ndani ya ndege ndipo mama aliponisimulia. Mzee yule, tumwite Mwalimu Adamu, alikuwa jirani yake, mwalimu mkuu mstaafu. Waasi walichoma shule yake, kwa hiyo hakuwa mtu wao. Lakini siku moja ya Alhamisi hakwenda uwanjani kupiga makofi. Alisema miguu inauma. Alhamisi ya pili hakwenda, na ya tatu majirani wakaacha kumsalimu, maana kila mtaa ulikuwa na mtu wa kuandika nani hayupo. Watu wa Mji, mama alisema, hawakuwa wa serikali wala wa waasi. Walikwenda uwanjani ili mtoto wa jirani aliye jeshini asikasirike, na wakirudi nyumbani wanaomba waasi wasilenge mtaa wao. Mwalimu Adamu aliposikia anatafutwa, mama alimtia chini ya kitanda cha kujifungulia alichokuwa nacho nyumbani, kule ambako askari huona haya kuchungulia. Alikaa huko wiki saba.

"Wasingechungulia," mama akasema, "lakini nani aliwaambia watafute baba?"

Nikalia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akaniambia basi, inatosha. Askari, ambao hawakuwa wa Mji na hawakumjua mzee kwa sura, walipomvuta nje wakiulizana kama huyu ndiye baba wa Mkenya, mama alielewa nilichofanya, kwa sababu yeye peke yake katika Mji ule alijua ningemwita vile. Akajibu haraka kwamba ndiyo, ndiye. Jina lingine lolote lingemwua pale pale.

"Na Yasin?" nikauliza. "Alisema nini kirefu vile?"

Mama anaijua lugha ya kule kama yake. Alisema Yasin alitafsiri hivi: kwamba nimekiri ni baba yangu mzazi, naomba radhi kwa uongo wangu wa ofisini, na kwamba yeye mwenyewe Yasin, akitutazama sura, anaona tunafanana pua. Meja alicheka kwa ajili ya pua. Na mama akaniambia lile ambalo sikuelewa kule kisimani: mama za watumishi wa serikali hawatolewi Mjini ili watoto wao wasije wakakimbia au kugeuka. Yasin akikosea neno moja, anajua nani atalipia.

"Mama yake namjua," mama akasema. "Hunikatia limau."

Mwalimu Adamu ana binti Nairobi, akampokea uwanja wa ndege. Aliagana nami kwa heshima, akaniita "binti yangu", sote watatu tukacheka, na machozi yakamtoka.

Kisii tulisimama dukani kwa Bwana Harish. Hakuuliza kitu, alimpa mama kiti na soda. Nilimwambia nilieleza. Akatikisa kichwa, "Nilijua tu."

Magwagwa tuliwakuta watu wametanda uani, na Tata Mokua amenuna. Video ilikuwa imefika kabla yetu. Kijiji kizima kilikuwa kimeniona nikimwonyesha mwanamume mwenye fimbo nikisema huyu ndiye baba, na wengine walishaamua Bosibori ameolewa huko na ameficha mume miaka yote.

"Kaka yangu nilimzika mwenyewe," Tata Mokua alisema mbele ya wote. "Leo unawaambia walimwengu kwamba una tata mwingine?"

"Nilisema tata?" nikamuuliza. "Sikiliza tena. Nilisema nini?"

Akaomba simu, akaisikiliza mara mbili, sikio limebanwa. Kisha akatazama macho yangu kwenye video yanaelekea wapi. Kicheko kilianzia kwa akina mama wa nyuma kikaja mbele kama mvua juu ya mabati, na mwishoni Tata Mokua mwenyewe akajifuta macho kwa kofia. Hata hivyo aliniambia niende kaburini nimweleze marehemu, asije akaudhika. Nikaenda. Mama alinifuata, akasimama kando yangu akila chinsaga kwenye bakuli.

Sasa mnajua. Yaliyobaki ni haya.

Yasin huniandikia kila Ijumaa. Anajua simu yake inasomwa, kwa hiyo hasemi mengi, na mamake hamtaji kabisa. Anaandika tu, "Mwalimu, baba bado hajatoka." Anayesoma huko anadhani anazungumzia baba wa nani sijui. Mimi namsomea mama, naye huacha anachofanya na kukaa.

Sabato iliyopita, wakati wa maombi, nilisimama. Kulikuwa na wageni, hivyo nilitumia Kiswahili. Nikasema naomba tumkumbuke baba wa kijana mmoja aitwaye Yasin, yuko ndani ya mji uliozingirwa, haruhusiwi kutoka kwa sababu ya kazi ya mwanawe. Wageni waliandika "baba" kwenye daftari zao za maombi. Watu wetu wote waligeuka wakamtazama mama yangu, wakarudisha macho kwangu, na nikaona wameelewa bila kuelezwa.

Bibi mmoja wa kiti cha mbele, aliyezaa kumi na mmoja, akainua mkono.

"Huyo baba," akauliza, "alijifungua wangapi?"

"Mmoja tu," nikasema.

Mwalimu Charo alikuwa amekaa karibu na dirisha, nami nilimtazama. Hakucheka. Alikuwa wa kwanza kupiga magoti.